Kisu cha Alhamisi

Juzi asubuhi jirani yangu wa hapa Buhembe alinigongea mlango, akaniomba panga. Yeye ni mtu wa Singida, amekuja Bukoba kwa ajili ya kazi ya mume wake, na migomba ameikuta ukubwani. Nilikuwa nimebandika chai, mkaa umekolea vizuri. Nikachukua panga nyuma ya mlango, na kabla sijampa nikalipitisha juu ya moto, upande huu na upande ule, mpaka likaanza kunuka chuma. Akanitazama, akauliza kama nalifanyia tambiko. Nikacheka, nikamwambia achukue tu na akirudisha tutaongea. Alipoondoka nilibaki nimekaa kwenye kigoda mpaka chai ikapoa.

Kama na wewe ulikulia kwenye kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, umeshanielewa. Kama hukukulia huko, vuta kiti nikusimulie, maana habari yenyewe si ya panga. Ni habari ya bibi yangu, na ya mwaka ambao nilimwona akinyamaziana na Mungu.

Mama yangu alikuwa na kibanda cha kuuza vyombo mjini Bukoba, nami nikalelewa na mama yake huko Muleba, kwenye kijiji kilicho juu ya mteremko ambapo siku isiyo na ukungu ungeona ziwa na visiwa vyake. Nyumba ya bibi ilikuwa katikati ya kibanja, na ninaposema katikati namaanisha kwamba ukisimama barabarani huioni. Unafuata njia nyembamba chini ya migomba, jua linabaki juu huko, miguu inakanyaga nyasi kavu zilizotandazwa, na unapoanza kusikia harufu ya moshi na kahawa inayoanikwa ndipo unajua umefika. Mvua ikinyesha kwetu ilisikika kwanza juu ya majani, na ilichukua muda kabla tone halijakugusa. Nimelala kwenye nyumba nyingi tangu hapo, zenye mabati na zenye vigae, na sijawahi kulala vizuri kama nilivyolala nikisikia mvua ile.

Watu wa mikoa mingine hutusema Wahaya kwamba tunajisifu. Si kweli. Sisi tunaeleza tu mambo yalivyo, na kwa bahati yalivyo ni mazuri. Lakini kwenye jambo moja nakubali tulizidi, nalo ni ndizi. Kwetu kula ilikuwa ni kula ndizi. Mtu angeweza kuvimbiwa na ugali kwa watu, akirudi nyumbani akiulizwa kama amekula anajibu bado. Kila siku nikitoka shule nilimkuta bibi ameketi mbele ya rundo la ndizi mbichi, naosha mikono na kukaa kando yake tunamenya. Utomvu ulitushika vidole vikawa vyeusi, na mwalimu wetu wa usafi alikuwa amechoka kutukaripia. Bibi alitandika majani ya mgomba ndani ya sufuria, akapanga ndizi na maharage, akafunika kwa majani mengine, akaacha moto ufanye kazi yake. Siku ambazo mama wa dagaa alikuwa amepita, chungu kilikuwa na dagaa pia. Huyo alikuwa mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa aliyetoka visiwani na ndoo kichwani. Yeye alimwaga dagaa kwenye ungo wetu na bibi alimpa chane za ndizi arudi nazo, kwa sababu visiwani, alivyosema mwenyewe, kuna samaki na kuna mawe.

Bibi aliimba akimenya. Aliimba nyimbo za kanisani kwa Kihaya, sauti ya pili, kana kwamba wa sauti ya kwanza yuko chumba cha pili. Alikuwa Mlutheri kwa namna ambayo siku hizi sioni sana. Hakuhubiria watu. Aliamka, akaomba maneno machache akiwa bado ameketi kitandani, akasema Mukama asiimwe, yaani Bwana ashukuriwe, kisha akatafuta viatu. Na siku ya Alhamisi alikwenda kazini.

Nikisema kazini namaanisha kazi ya akina mama wa mtaa wetu wa kanisa. Kila Alhamisi baada ya maombi ya asubuhi walikwenda kwenye kibanja cha mtu mmoja asiyejiweza. Angeweza kuwa mjane, au mzee aliyebaki peke yake, au mwanamke aliyejifungua juzi. Walipalilia, wakatandaza nyasi, wakapogoa majani makavu na kukata yale maua yanayoning'inia chini ya mkungu. Kibanja kilichokuwa msitu asubuhi, mchana kilikuwa kimepambwa. Bibi ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Kila mmoja alikuja na jembe lake, lakini kisu kilichotegemewa kilikuwa cha bibi, kilichopinda, kilichofuliwa na mhunzi, kikali kiasi kwamba jani lilianguka kabla hujaona limekatwa. Kilipita mkono kwa mkono siku nzima. Jioni bibi alikifuta kwa jani, akakirudisha kwenye kikapu chini ya kitabu cha nyimbo. Wakati wa likizo nilikwenda nao kuwachotea maji, na bado nasikia jinsi walivyotaniana mle ndani ya migomba bila kuonana. Bibi alikuwa na msemo wake, kwamba mgomba haujui kama mwenyewe amefiwa. Alikuwa na maana kwamba mjane naye lazima apogolewe, apende asipende.

Ng'ambo ya njia yetu aliishi mjane mmoja, mdogo kwa bibi kwa miaka kadhaa, rafiki yake mkubwa. Walikuwa wakiitana munywani, neno letu la rafiki wa kweli. Jirani huyu alikuwa na ulimi wa pilipili. Mtoto akipita kwake bila kuamkia, alifuatwa na maneno mpaka kwao. Lakini kibanja chake kilikuwa kizuri kuliko vyote, mikungu imetegemezwa kwa miti isije ikaangusha migomba. Na hakuwa na kitu kingine. Hakuwa na mtoto mjini wala shamba la pili, na watoto wake wawili walisoma kwa ndizi zile. Akina mama walimpenda, na Alhamisi zake hazikurukwa.

Ugonjwa ulianzia kwa mzee mmoja upande wa juu wa kijiji. Majani ya migomba yake yaligeuka manjano yakalegea, na watu wakasema ni jua, wengine wakasema ni wadudu. Mzee hakuwa na nguvu, basi Alhamisi akina mama wakaenda, wakamkatia majani yote mabaya kwa uangalifu mkubwa. Alhamisi iliyofuata walikuwa kwa jirani yetu. Iliyofuata kwa mwingine, na mwingine. Mvua zilipoisha, migomba ya jirani ilianza kulegea, na mikungu ikaiva ikiwa bado michanga. Ukiipasua ndizi, ndani ina rangi ya kutu. Akina mama walifanya kile walichojua. Walikwenda kwake mara nyingi zaidi, wakakata zaidi, na walipotoka kwake walikwenda kusaidia wengine ambao nao walikuwa wameanza kulia.

Kisha akaja bwana shamba na pikipiki yake. Alikuwa kijana mpole, akaomba ruhusa aseme na watu baada ya ibada, pale nje ya kanisa. Alikuwa amebeba kipande cha shina la mgomba. Akakikata mbele yetu, akatuambia tusubiri, na baada ya muda kikaanza kutoa ute wa manjano kama usaha wa jipu. Akasema huu ni mnyauko, hauna dawa. Mgomba ulioshikwa unakatwa, kisiki kinang'olewa, vyote vinakatwakatwa na kufukiwa. Watu wakaguna. Halafu akasema kwamba hauruki wenyewe kutoka kibanja hadi kibanja. Mara nyingi unabebwa na kisu. Ukikata mgomba mgonjwa kisha ukakata mzima bila kupitisha kisu kwenye moto, umeupanda kwa mkono wako.

Alifikiri ametusaidia, na kweli alikuwa ametusaidia. Akauliza kwa upole ni nani wanaopogoa vibanja vya hapa. Mzee mmoja, asiye na hila yoyote, akajibu kwamba ni akina mama wa Alhamisi.

Nilikuwa nimesimama karibu na bibi na nikaona anatazama viganja vyake. Jirani yetu aliinuka kutoka kwenye nyasi, akajikung'uta, akaondoka bila kuaga mtu yeyote. Sisi tulirudi nyumbani kwa njia ya mbali.

Nataka uelewe uzito wa jambo lile. Ukiondoa wenye bahati wachache, waliokuwa wameshikwa na ugonjwa ni wale waliosaidiwa. Waliokuwa wachoyo, waliofunga vibanja vyao na kusema hawataki watu waingie, migomba yao ilisimama kijani. Ilionekana kama vile Mungu amechukua orodha ya wajane na kuwapitia mmoja mmoja kwa mkono wa bibi yangu. Nilikuwa mtoto wa darasa la tano, na hata mimi niliona kwamba jambo hili si haki.

Bibi aliacha kuimba. Alimenya ndizi kimya, akapika kimya. Jumapili alisema goti linamuuma, na Jumapili iliyofuata goti likawa halijapona, ingawa katikati ya wiki alipanda mlima kutafuta kuni. Alhamisi hazikuwepo tena. Kisu alikisukuma uvunguni mwa kitanda. Asubuhi niliendelea kumsikia akiamka, lakini kati ya kuamka na kutafuta viatu hapakuwa na kitu. Jambo hilo liliniogopesha kuliko ugonjwa wenyewe. Kuhusu jirani, tulipokutana naye njiani aligeuza uso upande wa pili. Huku kwetu mtu anaweza kukunyima maji na mkabaki majirani, lakini akikunyima salamu mmekwisha.

Mwinjilisti wetu alikuja kumwona. Bibi alimkaribisha, akamwekea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi, akakaa mbele yake mikono mapajani. Mwinjilisti alikuwa mtu mwema. Alianza kueleza kwamba majaribu huwapata watu wa Mungu, akamkumbusha habari za Ayubu, jinsi alivyopoteza ng'ombe na kondoo na bado hakumkufuru Mungu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, bila hasira, "Mwinjilisti, Ayubu hakuwaua ng'ombe wa jirani yake kwa mkono wake."

Mwinjilisti alitafuna kahawa yake muda mrefu. Mtu mwingine angetafuta mstari mwingine, maana mistari haiishi. Yeye alisema hilo hana jibu lake, na kama bibi haoni vibaya atakuja tena kesho waketi. Na alikuja. Alikuja siku nyingi, akiegesha baiskeli yake kwenye mgomba, akakaa, akaongea habari za mvua, akaomba kwa kifupi, akaondoka. Nimesikia wahubiri wengi wenye vipaza sauti tangu wakati ule, na ninawaheshimu, lakini ninapofikiria mchungaji namfikiria yule aliyekaa na bibi yangu bila jibu.

Wakati huo hakuna mtu kijijini aliyekuwa amekata. Kila mmoja alimsubiri mwenzake. Kukata kibanja ni kukubali njaa kwa miaka miwili au zaidi, na mgomba mgonjwa bado unakudanganya kwa mkungu mmoja wa mwisho. Watu walikata majani ya manjano na kuyaficha, jioni wakaulizana habari na kujibu kwamba kwao bado pazuri. Kwetu mashina machache tu yalikuwa yamelegea, yale ya upande wa njia. Mengine yalisimama vizuri, na karibu na nyumba kulikuwa na yale tuliyowawekea wageni, yenye mikungu minene, ambayo yalizunguka kaburi la babu.

Jumamosi moja niliamshwa na kishindo. Nilidhani mtu ameanguka. Nikatoka nje nikamkuta bibi amewasha moto uani, ameshika panga, na mgomba mkubwa kuliko yote, ule wa mlangoni, umelala chini na mkungu wake. Alikuwa hajaanza na ile ya kando ya njia. Alikuwa ameanza na mizima. Nililia, nakwambia ukweli, nililia kama mtu aliyefiwa, nikamwambia bibi huo hauumwi. Alipitisha panga kwenye moto, akalisubiri lipoe, akaniambia kwamba kisu kilipita kote, na kwamba hawezi kumwambia mwenzake akate wakati ya kwake imesimama. Akauendea mgomba wa pili.

Tulikuwa tumefika kwenye mashina ya kaburini nilipomwona jirani anakuja. Alitembea haraka, kanga imekazwa kiunoni, na alipofika uani akasimama ghafla. Mimi nilijificha nusu nyuma ya mlango, kwa kuwa nilijua ulimi wake. Alitazama migomba iliyolala, utomvu ukitiririka, mikungu mizuri imepigwa chini. Akamtazama bibi, ambaye nguo zake zilikuwa zimeloa madoa na ambaye alikuwa akivuta kisiki kilichomshinda. Bibi aliinuka. Alisema jambo moja tu.

"Munywani, nimekuua."

Midomo ya jirani ilitikisika kidogo. Nilisikia moto ukipasua kijiti, na kuku wakiparua kwenye majani yaliyoanguka. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeuliza chumvi, "Jembe lingine liko wapi?"

Nililileta mbio. Walichimba pamoja mpaka jua likapita utosini, mmoja akikata na mwingine akichimbua, na kila shina likiisha panga lilirudi motoni. Kazi ya kunipa walikuwa nayo, nikokote magogo hadi shimoni. Mchana tulichoma ndizi chache za mikungu mizima kwenye makaa yale yale, tukala tumesimama. Jirani alimpa bibi iliyoiva zaidi. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliona kutoka mlangoni mwetu hadi barabarani, na nyumba ikaonekana ndogo sana.

Alhamisi iliyofuata akina mama walikuwa kwa jirani. Waliwasha moto kila pembe ya kibanja, wakapeana zamu ya kusimama hapo na kuhakikisha hakuna kisu kinachokwepa moto. Na hapo wakaimba. Bibi alianza kwa kuchelewa, mstari wa pili, sauti ya pili. Baada ya kwa jirani walikwenda kwa mzee wa juu, na baada yake kwa wengine wote, kwa mpangilio ule ule walioutumia walipokuwa wakipogoa. Vibanja vilivyokuwa vimepambwa viliachwa uwanja mtupu. Wale waliokuwa wakisubiri wenzao wakaona aibu, nao wakakata.

Jumapili moja baadaye, goti likiwa limepona, bibi alisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Hakuwa mtu wa kusimama. Alisema maneno machache ambayo nimeyabeba hadi leo: "Nilimwuliza Mungu kwa nini, hakunijibu. Lakini alimtuma jirani yangu, naye akaniuliza jembe liko wapi. Mimi hilo limenitosha." Akaketi. Nilimtafuta jirani kwa macho, nikamwona ameinamisha kichwa kwenye benchi.

Njaa ilikuja kama ilivyoahidi. Tulikula viazi vitamu, tukala mihogo, tukala ugali wa mahindi ambayo wanaume waliyafuata Ngenge, kule tambarare ambako tulizoea kusema watu hawajui kula. Sasa tukawa tunasubiri magunia yao kwa hamu. Aibu yetu ilikuwa kubwa kuliko njaa. Mgeni akibisha hodi wakati wa chakula, sufuria ya mihogo ilikimbizwa chumbani, kumbe na yeye ametoka kuficha ya kwake. Bibi ndiye aliyevunja desturi hiyo. Siku moja aliacha sufuria pale pale mbele ya mgeni, akafumba macho, akaomba kwamba Bwana akibariki chakula hiki, "maana na hiki nacho ni chakula, ingawa Wahaya wako hawajaambiwa." Mgeni alicheka mpaka akapaliwa.

Na mama wa dagaa aliendelea kuja. Mara ya kwanza alipokuta uwanja mtupu alitua ndoo yake akasimama mikono kiunoni, sauti yake kubwa imempotea. Bibi alimwambia hatuna cha kumpa. Alimwaga dagaa kwenye ungo kama siku zote, akasema visiwani mawe bado yapo. Alifanya hivyo mpaka tulipopanda tena, na sikumsikia hata siku moja akilitaja deni hilo.

Nilimwuliza bibi mara moja, tukiwa tunamenya mihogo, kama ni Mungu aliyeleta ugonjwa ili atufundishe. Mwalimu wetu wa dini alikuwa amesema hivyo. Bibi alisema yeye hamjui Mungu anayefundisha watoto kwa kuwanyima chakula, na kama mwalimu anamjua wasalimiane. Halafu akaacha mzaha. Akasema anachojua ni kwamba alikuwa amekaa chini peke yake, na hakuachwa peke yake. Akasema kuna watu wanaomtafuta Mungu kwenye sababu, na yeye alimtafuta huko hakumkuta. Sikuelewa vizuri wakati ule. Nilipompoteza mtoto wangu wa kwanza, hapa mjini, na watu wakaja na sababu zao mikononi, nilielewa. Na nilishukuru kwa wale waliokuja wakauliza maji ya kuoga yako wapi, nani anawasha moto.

Ardhi ilipumzishwa, kisha yakaletwa machipukizi safi, na migomba ikarudi. Ukifika leo kwenye kibanja cha bibi huwezi kujua kwamba kilikuwa uwanja. Kimefunga tena, giza lile tamu limerudi, na yeye mwenyewe amelala mle, kando ya babu. Lakini Alhamisi hazikurudi. Kwa miaka ile ya hatari kila nyumba ilinunua kisu chake na kukificha, na hiyo ilikuwa busara. Ugonjwa ulipopungua, busara ikabaki. Siku hizi mjane akizidiwa, taarifa inawekwa kwenye kundi la simu, watu wanatuma mchango, analipwa kijana wa kupogoa, na kazi inaisha vizuri. Sina la kulaumu, na mimi hutuma. Ila ule utani wa watu wasioonana ndani ya migomba, na sauti ya pili inayoanza kwa kuchelewa, sijui mtoto wa sasa atausikia wapi.

Wiki hii hii, baada ya jambo la panga, nilipanda gari nikaenda Muleba. Jirani wa bibi bado yupo. Macho yamefifia na meno yameondoka, lakini ulimi haujazeeka. Nilipomwamkia alijibu marahaba kisha akauliza kama mjini hakuna chakula, mbona nimekonda. Tulikaa mlangoni kwake tukichambua maharage, nikamsimulia jinsi jirani yangu wa Singida alivyodhani nalifanyia panga tambiko, akacheka sana. Nikamwambia kwamba katika maisha yangu yote sijaona tendo la upendo kama lile la Jumamosi ile, alipokuja kumsaidia bibi.

Akasema hakuja kusaidia.

Akaniambia kwamba siku zote zile alikuwa hali wala halali kwa hasira, na asubuhi ile alikuwa ameamua kuja kumwambia bibi maneno ambayo hayasahauliki. Alikuwa ameyapanga. Yalihusu hata mume wa bibi, hata watoto wake. Akafika uani, akakuta migomba mizima imelala, na bibi kizee anang'ang'ana na kisiki. Yale maneno akayatafuta hakuyaona. Na bibi aliposimama kanisani akasema Mungu ndiye aliyemtuma, aliinamisha kichwa kwa aibu, watu wakadhani anaomba.

Nilimwuliza kama aliwahi kumwambia bibi ukweli huo.

"Nilimwambia," akasema. "Alipokuwa anaumwa, karibu na mwisho. Nilitaka asiondoke na uongo wangu. Kumbe alijua tangu siku ile, maana nilikuwa nakuja njiani nayasema kwa sauti. Akaniambia, 'Munywani, ndiyo sababu nilisema ni Mungu. Wewe peke yako usingeuliza jembe.'"